Barua za Haja za Kimana

Katika zama ambazo Loitokitok ilikuwa tarafa tu ya wilaya ya Kajiado, na Kimana haijazidi mabanda machache ya mabati kando ya barabara ya vumbi, mtu aliyedhulumiwa hakuwa akidai haki yake; alikuwa akiomba kuhurumiwa, na kazi ya kuliandika ombi hilo, kwa kuwa wenye kalamu walikuwa wachache, ilimwangukia marehemu baba yangu, muuza sukari, majani ya chai, shuka na mafuta ya taa, na baada yake ikaniangukia mimi. Barua hizo zilikuwa na umbo moja lisilobadilika. Zilifunguliwa kwa heshima na taadhima. Zikalitaja jina la mwenye haja, la baba yake na la chifu wake. Zikakiri, kabla ya neno lolote lingine, kwamba Serikali ni mzazi asiyemsahau mwanawe. Na ndipo, mahali pembeni karibu na mwisho wa karatasi, shida yenyewe ikatajwa: ng'ombe waliotwaliwa, ujira wa miezi miwili uliozuiwa, mfereji uliozibwa huko juu na mtu mwenye cheo. Kisha zikafungwa kwa "mtumishi wako mtiifu", hata pale ambapo mwandikaji ndiye mdai na mwandikiwa ndiye mdaiwa.

Baba aliziandika hivyo kwa kuwa ndivyo zilivyopokelewa, lakini hakuupenda mtindo ule. Alikuwa mtu wa Mombasa, na ujana wake aliumaliza akichukua mizigo bandarini Kilindini, akawamo katika mgomo mkuu ulioanza tarehe 13 Januari 1947, ambamo wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari na wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi kwa muda wa siku 12 na kukutana uwanjani Kiembeni kusikiliza nini kimesemwa na nini kimekataliwa. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa shirika lao, African Workers Federation, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo akapelekwa kizuizini Baringo, asionekane tena mjini kwa miaka mingi. Walakini baraza la usuluhishi lililoundwa na Serikali lilikuwa limekwisha kuwaongezea watu ujira, japo si kwa kadiri waliyoitaka. Baba alitoka huko na tabia moja iliyowaudhi wateja wake wa barua: hakuanza kuandika kabla ya kuuliza ni nani mwingine aliyepatwa na jambo lilelile. Mtu alikuja na siri yake, ameifunika vizuri, naye akamtuma arudi na wenzake.

Aghalabu hakurudi mtu. Tena wazee wa Kimaasai walikuwa na sababu yao ya kutoiamini karatasi, na sababu hiyo, kwa ajabu ya mambo, ilikuwa imepita palepale Mombasa. Kwa mapatano ya mwaka 1904 walihamishwa kutoka Bonde la Ufa na kugawanywa, wengine kaskazini Laikipia na wengine kusini, wakiahidiwa kwamba watakaa huko maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 yakaletwa mapatano mengine ya kuwaondoa Laikipia. Baadhi yao, wakitanguliwa na Ole Njogo, walikataa, wakaweka wakili, wakaipeleka Serikali mbele ya mahakama kuu Mombasa. Mwaka 1913 jaji akatamka kwamba Wamaasai ni dola, na yale mapatano ni mkataba baina ya dola na dola, na mkataba wa namna hiyo mahakama haina mamlaka ya kuuchungulia. Rufaa nayo ikaanguka kabla ya mwaka kwisha. Nilimsikia mzee mmoja akimwambia baba, kwa upole uliokaribia kejeli, kwamba wao siku ya kuhamishwa walikuwa raia, na siku ya kushitaki wakawa dola. Baba hakuwa na jibu, akamkaribisha chai. Wajukuu wa wazee wale waliandamana Nairobi mwezi wa Agosti 2004, miaka 100 ilipotimia, wakiwa na barua ya kudai mashamba ya Laikipia, wakatawanywa kwa moshi wa kutoa machozi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba wazee walikuwa na wasiwasi wa bure.

Kilimo cha mfereji kilipoenea Kimana nami nikahamia huko na taipureta ya baba, nilikuta kwamba hata maombi ya watu wengi yalikuwa na mlango mwembamba. Ardhi ilikuwa ya ranchi ya kikundi, chini ya sheria ya mwaka 1968, na neno la kikundi lilikuwa la wanachama waliosajiliwa, karibu wote wanaume wenye miji yao. Ranchi ilipokatwa vipande na kila mwanachama kupewa hati yake, barua zilizonijia zilikuwa za wajane na za vijana ambao majina yao hayakuwamo. Hao angalau walikuwa na baba au mume wa kumtaja. Vibarua hawakuwa na yeyote. Walitoka Ukambani, Murang'a, na ng'ambo ya mpaka katika vijiji vya upande wa Kilimanjaro, wakilima nyanya na vitunguu katika mashamba yaliyokodiwa na watu wa mbali, na malipo yao yalitegemea lori la Jumanne, siku ya soko: likiuza vizuri Nairobi au Mombasa walilipwa, bei ikianguka waliambiwa wangoje lori lingine.

Anayechuma nyanya kutwa nzima hutoka shambani na mikono iliyogandwa na utomvu wa majani, kijani kilichokolea hata kuwa cheusi, ambao ukiuosha kwa sabuni povu huwa la manjano na weusi hubaki. Nilipowafungulia kijaluba cha wino ili waweke dole gumba, wino ulishika juu ya utomvu usifike kwenye ngozi, na alama iliyotoka ilikuwa doa tupu lisilo na mistari. Karani wa ofisi moja aliturudishia karatasi nzima kwa sababu hiyo, akisema hawezi kuthibitisha kwamba yale ni madole ya watu. Wapiga dawa walikuwa na hali mbaya zaidi, pampu mgongoni na leso mdomoni, na haja yao haikuwa kubwa: glavu, viatu vya mpira, na maji ya kuoga kabla ya kwenda kula.

Mabadiliko niliyaona kwanza kwa mpwa wangu, si kwa wateja wangu. Alikuwa amekwenda kukaa Kitengela na kushona suruali za kupelekwa Marekani katika kiwanda kimoja cha EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River, chini ya AGOA, mpango wa biashara na Marekani ulioanza mwaka 2000. Mwezi wa Januari 2003, Serikali mpya ya Mwai Kibaki ikiwa na majuma machache tu, maelfu ya washonaji wa viwanda vile waligoma, wakilalamikia ujira mdogo, saa za ziada za kulazimishwa, na waajiri wasiotaka kukitambua chama chao. Alinijia Pasaka akanionyesha nakala ya madai yao, nikaitafuta taadhima nisiione. "Mjomba," akaniambia, "hapa hatuombi kitu chao, ni mshahara wetu." Nilidhani, na hata leo sijaacha kudhani, kwamba adabu ina nafasi yake katika maandishi, lakini nilitambua kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tumeitumia adabu kuificha hesabu, na madai yake yalikuwa na hesabu tu: saa, vipande, shilingi. Naye, tukiendelea kuzungumza, akanicheka kwa jambo jingine: maji ya chemchemi za Nolturesh, ambayo sisi tunayalilia, yamepita kwa bomba chini ya miguu yetu kwenda Kajiado, Machakos na hukohuko Athi River, na ni ajabu kwamba tumeandika barua nyingi kuhusu mfereji wa jirani na chache mno kuhusu bomba la Serikali.

Sheria tano za kazi za mwaka 2007 zilipita huku Kimana bila kishindo, kwa kuwa hakuna aliyezisoma. Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilisomwa. Iligawiwa bure, vitabu vikafika mpaka vibandani, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu akija dukani ameshika sheria mkononi kabla sijamtafutia. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani, bila silaha, na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Cha 41 kinampa kila mfanyakazi ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, na ruhusa ya kugoma. Cha 119 kinamfungulia kila mtu mlango wa Bunge. Baadaye ikaja sheria ya utaratibu wenyewe, ya mwaka 2012: ombi liwe kwa Kiingereza au Kiswahili, lieleze juhudi zilizokwisha kufanywa, liseme kama shauri liko mahakamani, na liandikwe kwa lugha ya heshima. Nilifurahi kuiona heshima imerudi, safari hii kwa kipimo chake, wala haikumtaka mtu ajiite mtumishi wa yeyote. Na kanuni za Bunge zikaipa kamati siku 60 za kujibu, jambo ambalo baba yangu, aliyewahi kungoja jibu la ofisi mpaka mwenye haja akafariki, asingelisadiki.

Shauri la parachichi ndilo lililoyapima haya yote mbele ya macho yetu. Kampuni ya KiliAvo Fresh ilinunua ekari zipatazo 180 karibu na Kimana, katika ardhi iliyokuwa ya ranchi, ikaanza kuzungushia ua na kupanda. Wafugaji na wahifadhi wakalalamika kwamba shamba limekaa katika mapito ya ndovu baina ya Amboseli na hifadhi ya Kimana, na kwamba visima vyake vitakausha malisho. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliyotoa kibali mwaka 2020, ikakifuta mwaka uleule, kampuni ikaenda mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na mwezi wa Aprili 2021 jopo likaukubali uamuzi wa kukifuta. Mimi nilikuwa upande wa waliolalamika, na sijutii. Hata hivyo jambo moja lilinisumbua: kila upande ulisema kwa niaba ya watu, huyu akitaja ajira na yule akitaja malisho na utalii, na katika karatasi zote zilizonipitia mikononi sikuona neno la mpaliliaji mwenyewe, kama ujira wake ulikuwa mzuri au mbaya, wala ataelekea wapi ua ukivunjwa. Ndovu walipata mawakili hodari. Kibarua alitajwa kwa wingi wake tu.

Yaliyotokea mwaka 2024 kila mtu anayajua, na Kitengela ilikuwa miongoni mwa miji iliyochemka kwa maandamano ya mwezi wa Juni dhidi ya Mswada wa Fedha. Nitataja moja tu. Mwezi wa Agosti watu watatu, Bob Njagi na ndugu wawili wa ukoo wa Longton, walitekwa huko Kitengela, na Chama cha Mawakili kikapeleka ombi mahakamani ili waletwe wakiwa hai au wafu. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi alipoitwa na asifike, jaji alimtia hatiani kwa kukaidi mahakama, na watatu wale wakaachiliwa mwezi wa Septemba. Mahakama ileile iliyokataa mwaka 1913 kumtazama Ole Njogo usoni ilimtaka mkuu wa polisi aje mwenyewe asimame. Nilimsomea habari hiyo mjukuu wa yule mzee wa kejeli, akasema ni vyema, ila Laikipia bado haijarudi.

Vijana wa Kimana hawana haja tena na taipureta yangu. Huandika kwa simu. Wananijia kwa daftari. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja si kibarua tena, bali ni mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Na waajiri wanaojua hilo humsimamisha mtu siku chache kabla ya mwezi kwisha, kisha wakamwita upya. Kwa hiyo kila jioni mmoja wao hupitia dukani akaandika: nani, shamba gani, kazi gani, amelipwa au hakulipwa. Kurasa hizo ndizo walizoziambatisha walipoandika ombi lao la ujira na vifaa vya kupigia dawa, na ombi hilo sasa liko kamatini.

Ulizuka ubishi siku ya kutia sahihi. Mpiga dawa mmoja ni Mtanzania, na baadhi walisema jina lake litaharibu karatasi, kwani haya ni mambo ya wananchi. Msichana anayeshika kalamu akafungua Katiba akasoma vifungu vyote viwili, cha 37 na cha 119, akawaonyesha kwamba vyote vinaanza kwa kila mtu, si kwa kila raia. Yule bwana akatoa kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, akaandikwa baada ya mwenzake wa pampu, na nambari yake, kwa kuwa ina tarakimu 20, ikabidi ishuke mstari wa pili.

Haikupita wiki, mwenye shamba mmoja akaja kununua betri, akazungukazunguka, mwisho akauliza kama ni kweli jina lake limo daftarini. Nikamwambia limo, pamoja na siku ambazo hakulipa, na kwamba akiona pana kosa alete daftari lake, kwa kuwa sheria inamtaka awe nalo.