Mkataba wa Siri

Kuna kusubiri kwa namna mbili. Kuna kusubiri basi, ambako mtu hulalamika tangu dakika ya kwanza. Na kuna kusubiri kitu unachokipenda, ambako kule kusubiri kwenyewe huwa ni nusu ya raha. Mimi na mdogo wangu tuliusubiri mchezo mmoja wa kompyuta kwa namna hii ya pili, na ulipotufikia ukatuvunja moyo. Huenda msomaji akasema kuwa mchezo wa kompyuta si jambo la mtu mzima kuliandikia insha. Namwomba anivumilie kidogo, kwani ni kwa sababu ya mchezo ule mbaya kwamba nilikuja kuijua siri ambayo ndugu yangu alikuwa ameibeba peke yake.

Chanzo cha yote kilikuwa kitabu. Mwaka 1996 mwandishi wa Kimarekani, George R. R. Martin, alitoa riwaya iitwayo A Game of Thrones, ya kwanza katika mfululizo wa masimulizi ya nchi ya kubuni ambako koo kubwa zinagombania Kiti cha Chuma. Sisi tuliipata miaka kadhaa baadaye hapa Tanga, nakala kuukuu isiyo na jalada, kwa muuza vitabu vya mitumba. Ilikuwa na kurasa zaidi ya 800, na wasomaji tulikuwa wawili. Hatukuwa na subira ya kupokezana. Mdogo wangu alichukua kisu cha jikoni akakipasua kitabu mgongoni, katikati, tukawa na vitabu viwili. Mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa, nilianza. Nilipomaliza nusu ya kwanza nikampa, nami nikaendelea na ya pili.

Kwa hiyo nilitangulia kujua. Katika kitabu hicho yumo bwana mmoja mwadilifu, Eddard Stark, ambaye msomaji humshika kama nguzo ya hadithi. Kwa desturi ya hadithi tulizolelewa nazo, mtu kama yule hafi. Lakini anakatwa kichwa kabla kitabu hakijaisha. Nilisoma habari hiyo usiku, nikazima taa, nikakaa gizani bila usingizi. Kesho yake mdogo wangu, ambaye bado alikuwa nusu ya kwanza, akaniambia tukinywa chai, "Huyu Stark atawaweza tu, kaka. Wewe ngoja." Nikasema, "Tutaona." Siku tano nilikuwa nikimwambia "tutaona". Halafu nikampa kipande cha pili, na usiku mmoja akaja kugonga mlango wangu akiwa nacho mkononi.

"Kaka, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaninyamazia siku tano?"

Sikuwa na la kujibu. Alikaa kitandani pangu tukazungumza mpaka adhana ya alfajiri, kwanza habari za Stark, kisha habari za marehemu baba yetu, ambaye tangu tumzike hatukuwahi kumtaja kwa kirefu. Tangu usiku ule vitabu vya Martin vikawa ndiyo lugha yetu. Cha pili kilikuwa kimetoka mwaka 1998, cha tatu mwaka 2000, cha nne kikaja mwaka 2005. Hata mdogo wangu alipokwenda Muscat kutafuta maisha, simu zetu zilianza na salamu, zikapita kwenye hali ya mama na fedha za matumizi, kisha zikatulia kwenye vitabu. Bila vitabu, nadhani tungekuwa na dakika mbili tu za maneno.

Mwaka 2011 ulikuwa kwetu kama mwaka wa mavuno. Aprili tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu hivyo ilianza kuonyeshwa Marekani. Julai kikatoka kitabu cha tano, baada ya miaka sita. Na Septemba ukatoka mchezo wa kompyuta, A Game of Thrones: Genesis, uliotengenezwa Ufaransa na studio ya Cyanide. Ulikuwa mchezo wa mikakati: mchezaji anasimamia ukoo mzima, anaiona nchi kutoka juu kama ramani, na anatuma watu wake huku na huku. Zaidi ya yote, watu wawili walio mbali waliweza kuucheza pamoja kwa intaneti. Mdogo wangu alinunua nakala mbili, moja akaituma kwa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. Tukapatana kucheza kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Huku kwetu ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, hivyo saa ya mchezo tuliipanga kwa kuitazama kwanza ratiba ya giza.

Nataka niuhukumu mchezo ule kwa haki, kwa sababu wazo lake lilikuwa zuri. Michezo mingi ya aina hiyo huanza kwa kukata miti na kuchimba dhahabu, halafu majeshi yakagongana. Huu ulianza kwa amani. Ulimtuma mjumbe kwenye mji au ngome kuomba urafiki. Ulimtuma jasusi kufunga mkataba wa siri, hata ngome ikaonekana kwa adui kuwa ni yake ilhali moyo wake uko kwako. Ulikuwa na wauaji wa kukodiwa, na ulikuwa na binti wa kikabaila wa kumwoza kwa bwana wa ngome ili undugu ukaze. Kila jambo liliongeza au kupunguza alama za hadhi, na aliyefikisha 100 ndiye aliyekalia Kiti cha Chuma. Hila zilipofichuka mno, amani ilivunjika na vita vikaanza. Nilipousoma mpango huo kwenye karatasi nilisema, hawa wamekielewa kitabu.

Tulipocheza, tulikuta picha tofauti. Wajumbe wangu wote walifanana, na wajumbe wa mdogo wangu walifanana na wangu isipokuwa rangi. Bwana wa ngome hakuwa na uso wala hasira wala mtoto mgonjwa. Alikuwa jengo lililobadilisha bendera. Kazi ya mchezaji ilikuwa kuwavuta watu wadogo kwa kipanya kutoka mji mmoja hadi mwingine, kisha kurudi kutazama kama wa kwanza amefika. Binti niliyemwoza sikujua jina lake. Muuaji alipomfikia mjumbe wangu sikuona uchungu, niligharamia mwingine. Na vita vilipoanza, askari walikuwa aina chache, huyu akimshinda yule na yule akimshinda huyu, kama watoto wanaocheza jiwe, karatasi na mkasi. Sehemu ya masimulizi nayo ilianza na Nymeria, malkia anayevuka bahari na merikebu 10,000, kisha ikaruka karne baada ya karne katika historia ya zaidi ya miaka 1,000, hivi kwamba kila nilipotaka kumzoea mtu, alikuwa amekwisha kuzikwa na vitukuu vyake. Wahakiki wengi waliupokea mchezo huo kwa ubaridi, na sikuweza kuwalaumu.

Nilijiuliza sana ni kitu gani kilichokosekana. Jibu nililipata niliporudi kwenye kile kitabu chetu kilichopasuliwa. Martin hakuzipa sura zake namba wala vichwa vya habari. Kila sura ina jina la mtu, na mambo yote ya sura hiyo huonekana kwa macho ya mtu huyo. Katika kitabu cha kwanza, ukiacha utangulizi, watu hao ni wanane. Msomaji hukaa ndani ya kichwa cha mama, kisha cha mtoto wake, kisha cha adui yao, mpaka awaonee huruma wote. Ndipo usaliti unapokuja. Katika kitabu cha tatu wageni wanauawa karamuni, nao wamekwisha kula mkate na chumvi ya mwenyeji wao. Martin ameeleza kwamba alichota tukio hilo katika historia ya Uskoti: karamu ya mwaka 1440 katika ngome ya Edinburgh, ambako kijana mkuu wa ukoo wa Douglas alialikwa pamoja na mdogo wake, kisha wote wawili wakauawa, na mauaji ya Glencoe ya Februari 1692, ambako askari waliokaribishwa majumbani wapata siku 12 waliwageuka wenyeji wao. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa uovu wa jambo hilo. Kwetu hata mtu usiyempenda, akishakula kwako, huwezi kumwinulia mkono.

Basi usaliti unahitaji kutanguliwa na kitu cha kusalitiwa. Kwanza pawe na imani, pawe na chumvi iliyoliwa, pawe na mtu aliyekaa mezani pako ukamjua anavyocheka. Mchezo ule ulitupa zana zote za hila, lakini haukutupa hata mtu mmoja wa kumwamini. Ukanunua ngome, ukanunuliwa ngome, na mwisho wa saa mbili ulikuwa umeshinda au umeshindwa kama mtu aliyejumlisha hesabu za duka.

Hayo yote sikumwambia mdogo wangu. Alikuwa amenunua nakala mbili kwa fedha zake, na kila Ijumaa alikuwa wa kwanza kuingia. Alipoandika, "Leo umenipiga kweli, kaka," nilijibu kwamba mchezo unazidi kunoga. Wiki zikapita hivyo, Oktoba yote na Novemba. Nilianza kuiogopa Ijumaa, nami nilikaa mbele ya kompyuta kama mtu anayekula chakula kisicho na chumvi mbele ya mpishi wake.

Ijumaa moja ya Desemba umeme ulikatika katikati ya mchezo, nje ya ratiba. Nilimpigia simu kumwomba radhi.

"Bora," akasema.

"Bora nini?"

Akanyamaza. Kisha: "Kaka, nikwambie kweli? Mchezo huu siupendi. Sijaupenda tangu wiki ya kwanza."

"Mbona kila Ijumaa wewe ndiye unayenisubiri?"

"Nilidhani wewe unaupenda."

Nilicheka mpaka mama akaita kutoka chumbani kuuliza kuna nini. Miezi miwili kila mmoja wetu alikuwa akimhadaa mwenziwe kwa ajili ya kumpendeza, na hapakuwa na jasusi wa kutufichua. Nilipotulia nilisikia kuwa yeye hacheki. Akasema, "Kuna na jingine." Mkataba wake wa kazi ulikuwa umekwisha tangu Oktoba, haukuongezwa. Alikuwa amehamia kwa jamaa mmoja, analala sebuleni, na fedha alizokuwa akimtumia mama alikuwa akizikopa. Ijumaa haikuwa tena siku yake ya mapumziko, maana siku zote zilikuwa sawa. Alikuwa akiisubiri kwa sababu ndiyo siku pekee katika wiki ambayo mtu wa nyumbani alikuwa upande wa pili, hata kama ni kwa kurushiana wajumbe wasio na nyuso.

"Na ukaninyamazia miezi miwili?" nikamwuliza.

"Wewe uliniambia 'tutaona' siku tano," akasema, na hapo ndipo alipocheka kidogo.

Tulizungumza gizani mpaka simu yangu ikaisha chaji. Alirudi Tanga Januari. Madeni tulilipa pamoja, taratibu, na mama hakujua habari zake mpaka yalipokwisha.

Mwaka uleule wa 2012, kutoka Uswidi ulitoka mchezo mwingine wa mikakati, Crusader Kings II, usiohusu vitabu vya Martin hata kidogo. Unahusu Ulaya ya zama za kati. Ndani ya miezi michache mashabiki wa vitabu waliugeuza, bila malipo, wakauingiza ulimwengu wa Kiti cha Chuma. Katika mchezo huo unamchezea mtu mmoja mwenye jina, tabia na jamaa wanaompenda au kumchukia. Akifa, unaendelea na mrithi wake. Mdogo wangu alinionyesha jioni moja, tumekaa kwenye kiti kirefu kimoja. Tulimpa binamu mmoja cheo, akatugeuka, na wote wawili tukapiga kelele kama tuliodhulumiwa kweli. Tulimjua yule binamu, tulikuwa tumemlea.

Diski ya mchezo wetu wa kwanza ninayo mpaka leo, iko kabatini pamoja na zile nusu mbili za kitabu. Sijaicheza tena, wala sidhani kama nitaicheza. Lakini siwezi kuitupa. Katika mchezo ule, mkataba wa siri ukifichuka unapoteza ngome. Mimi ulipofichuka wangu na wa mdogo wangu, nilimpata ndugu ambaye kwa miezi miwili nilidhani yuko salama.