Barua kwa Atakayeliwasha

Kwetu, ukisikia gari limewekwa juu ya mawe, unajua habari yake imekwisha. Huulizi litatoka lini. Unauliza nani kanunua injini na nani kabeba taa. Kwa hiyo jirani yangu wa hapa St. Paul, Minnesota, aliponiambia kwamba Jumamosi atalipandisha gari lake juu ya stendi za chuma hadi Aprili, nusura nimpe pole.

Gari lenyewe ni hotirodi: Ford ya 1932 iliyovuliwa madigadi, ikashushwa chini na kuongezwa nguvu. Mwaka ule Ford ilianza kuuza injini ya V8 ya nguvu za farasi 65 kwenye gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua. Baadaye vijana wa kusini mwa California waliyachukua yakiwa mitumba, wakayapunguza uzito, wakaenda kuyakimbiza kwenye maziwa makavu kama Muroc. Tom Wolfe aliandika juu ya magari ya kuundwa upya kwenye jarida la Esquire mwaka 1963, na insha ile imejaa rangi na ujana. Mimi nilichokiona ni Oktoba: gereji yenye baridi, na mzee wa miaka 81 ambaye mikono yake imeanza kutetemeka.

Nilikwenda nikiwa na daftari. Ndio ugonjwa wa sisi waandishi wa habari, hata jirani tunamgeuza kuwa stori. Mzee aliniambia niliweke daftari chini, nishike tochi.

Kazi ilianzia kwenye petroli. Minnesota, petroli ya kawaida huchanganywa na ethanoli, na ethanoli hunywa unyevu. Ikikaa miezi sita, maji yanaweza kujitenga na kuanza kula kabureta. Sheria ya jimbo inaruhusu magari ya kihistoria kutumia petroli isiyochanganywa, basi tukaenda kuijaza hadi juu ili hewa isipate nafasi ndani ya tanki. Tukatia dawa ya kuzuia petroli isiharibike, tukazunguka mitaani mpaka ile dawa ifike kwenye kabureta.

Halafu tukalichuni. Nilimwuliza kwa nini uhangaike kuchuni gari ambalo unakwenda kulilaza. Akasema gari likilala linaumwa, huamka limekufa. Akafungua plagi moja moja, akazipanga mezani na kunisomea rangi zake: kahawia hafifu ni afya, nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi kupita kiasi, nyeupe ni petroli kidogo na joto kali. Yaani injini inaandika, kazi yako ni kujua kusoma.

Kabureta zipo mbili, Stromberg 97, na lazima zivute hewa sawasawa. Kuna vifaa vya kupimia, lakini mzee anatumia kipande cha mpira: ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni. Unasikiliza mluzi wa hii, unahamia ile, unageuza skrubu hadi milio ilingane. Tatizo ni kwamba masikio yake yameshaliwa na kelele za injini za miaka yote hiyo. Mpira nikashika mimi. Yeye anageuza, mimi nasema “bado,” “bado,” mpaka nikasema “hapo hapo,” akanitazama kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba kweli nimesikia.

Oili tulimwaga ikiwa bado ya moto. Oili iliyotumika ina asidi na unyevu, ukiiacha ndani inatafuna bearingi taratibu. Kwenye rejeta tulipima mchanganyiko wa kulanti, maana injini hizi njia za moshi wake zinapita katikati ya bloku, karibu na maji, na bloku zake zinajulikana kwa kupasuka. Nusu maji nusu kulanti hustahimili hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Hapa hilo si jambo la kukadiria kwa macho.

Betri tukaitoa. Stili waya, ile ya kusugulia masufuria, tukaishindilia kwenye ekzosi zote mbili, kwa sababu panya nao wanatafuta pa kupisha baridi. Nikauliza kama atakuwa analiwasha kila wiki walau dakika tano. Akacheka. Dakika tano hazitoshi kuipasha injini moto, kazi yake ni kutengeneza maji ndani ya oili na ekzosi. Ukiliwasha, liendeshe. Kama huliendeshi, liache.

Hapo nikaikumbuka Peugeot 504 ya baba, Morogoro. Alipopata kiharusi, fundi alikuja akaiweka juu ya mawe chini ya mwembe, ikafunikwa turubai. Gari lile lilikuwa na mambo yake: namna ya kukanyaga mafuta asubuhi, mlango wa kuinua kidogo kabla ya kuvuta. Yote yalikuwa kichwani kwa baba, na ulimi wa baba ulikuwa umeshakuwa mzito. Mwishowe liliuzwa kwa kilo, chuma chakavu.

Jioni mzee alitoa kadi ngumu na kalamu, akaniomba nimwandikie kwa sababu ya mikono yake. Kadi hiyo hufungwa kwenye usukani kila mwaka. Nilianza: “Aprili nitatoa stili waya kwenye ekzosi.” Akanisimamisha.

“Usiandike *nitatoa*. Andika *toa*.”

Nikaandika upya. Toa stili waya kwenye ekzosi zote mbili. Rudisha betri. Angalia mafuta ya breki. Zungusha injini kwanza bila plagi, oili ipande. Vuta choki. Likikohoa mara mbili usiogope, la tatu linawaka.

Akaisoma taratibu, akauliza kama mtu asiyewahi kuliona gari hili angeelewa. Nikasema ndiyo. Hatukuzungumza ni mtu gani.

Sasa ni Februari. Mzee yupo, asubuhi namwona akisukuma theluji mlangoni kwake. Juzi nilimpigia mama simu Morogoro, nikamwuliza ile pampu ya kisima huwa anaiwashaje, maana nyumba nzima ni yeye peke yake anayeiweza.

“Wewe uko huko kwenye barafu,” akasema, “pampu ya nini?”

“Nieleze tu, mama. Polepole. Naandika.”