Nyumba ya Mtonga

Ukuta unaotazama barabara umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mtu alijaribu kuyafuta maandishi kwa chokaa, mvua za masika zikaiosha. Dalali hakubabaika. "Hayo ya zamani, bosi. Siku hizi inauzwa."

Hapa Mtonga, Korogwe, kama kwingi Tanzania, maandishi hayo hayamshangazi mtu. Huandikwa ndugu wanapovutana juu ya mirathi, au tapeli anapopitisha wateja kwenye nyumba ya wenyewe. Mimi huyaamini kuliko tangazo la dalali, maana kibanda kisicho na thamani hakigombewi.

Na hii ina thamani. Tofali za kuchoma, vyumba vitatu, sebule, uani kuna mwembe na choo cha shimo. Milima ya Usambara inaonekana kutoka barazani. Jiko la ndani limejaa magunia ya mahindi. Mapishi yote yako nje, kwenye mafiga. Nilipanda kutazama kenchi: mbao mbili zimeliwa na mchwa, nyingine nzima. Bati zimeshika kutu, na juu ya dirisha la chumba cha nyuma kuna ufa, kwa kuwa fundi aliruka linta. Marehemu mwenye nyumba alikuwa karani wa shamba la mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta pwani hii mwaka 1893, na nyumba aliimalizia kwa kiinua mgongo.

Bei ni milioni 25, maongezi yapo. Dar es Salaam hela hiyo ingeishia kwenye kiwanja na msingi.

Mjane wa marehemu alitukaribisha kwenye mkeka. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Akatoa bahasha. Hati miliki hakuna. Kuna karatasi ya mauziano ya kiwanja iliyoandikwa kwa mkono, na barua ya mahakama ya mwanzo inayomtaja mwanawe mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kisheria msimamizi ana mamlaka ya kuuza, lakini mnunuzi mwenye akili zake anataka sahihi za warithi wote, asije akalala ndani ya kesi. Wanne wamesaini. Wa tano yuko Mombasa, na ndiye mwenye ile rangi nyekundu.

Dalali akampigia, akaweka spika.

"Huyo mnunuzi mwulizeni, mama atakwenda kukaa wapi?"

Nilikosa la kusema. Mama akainyakua simu.

"Nakwenda Handeni kwa kaka zangu. Ninayetaka kuuza ni mimi. Wewe una huruma, bati huna. Mvua ikinyesha nahama chumba. Hata kodi ya jengo, tangu 2021 wanaikata humo humo kwenye Luku, nani anainunua hiyo Luku?"

Kimya cha upande wa pili kilikula salio la dalali. Mwishowe yule kijana akasema atakuja Iddi, aione karatasi kwa macho yake, na milioni 25 ni kidogo.

"Iddi," mama akamwambia, "na uje na brashi."

Nikamwambia dalali kwamba nitasubiri sahihi ya tano, na kwamba kwa hali ya zile kenchi sitapita 22. Akaitikia vizuri tu, kisha akadai hela yake ya kuonyesha nyumba, pamoja na bodaboda ya kwenda na kurudi.