Korongo Kwenye Mkunjo

Kiwambo cha Kijapani kiitwacho byobu ukikinyoosha kabisa, kinaanguka. Kinasimama kwa sababu kimekunjwa. Na juu ya mikunjo hiyo, mafundi wa zamani walichora misonobari, maji na ndege.

Ninaoupenda kuliko yote ni mchoro wa korongo wa Ogata Kōrin, mzaliwa wa Kyoto aliyeishi kati ya mwaka 1658 na 1716. Ni jozi ya viwambo vya vipande sita sita, vinavyohifadhiwa leo katika jumba la sanaa la Freer, Washington. Nyuma ya ndege kumebandikwa dhahabu. Kundi moja linatoka kulia na jingine kushoto, shingo ndefu, miguu mirefu, wakitembea kuelekeana.

Hapo kale kila kipande cha kiwambo kilikuwa na fremu yake, na picha ilikatika kwenye kila ukingo. Wajapani walipobuni bawaba za karatasi, mipaka ile ikaondoka, na mchoro mmoja ukaweza kuvuka mikunjo yote. Lakini mkunjo haukuacha kuwa mkunjo. Watu walikaa chini kwenye mikeka, na aliyekaa kulia aliviona vizuri vipande vilivyomwelekea, huku vingine vikimkwepa. Korongo aliyeonekana mzima kwa mmoja, kwa mwenzake alikuwa mdomo na kipande cha shingo. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Jambo hili nalikumbuka kila ninapokaa kwenye kikao cha ukoo. Kaka anasema shamba alilihudumia yeye miaka yote. Dada anasema yeye ndiye aliyemuuguza mama. Tunawasikiliza tukitafuta mwongo ni nani, na mara nyingi hayupo. Kila mmoja anaeleza upande uliomwelekea, na machungu ya mwenzake yamebaki kwenye mkunjo.

Tumezoea kuamini kwamba haki ni kushikilia ulichokiona kwa macho yako. Kōrin amenifundisha kwamba macho yangu ni ya kweli, ila hayatoshi. Kuhama nafasi si kushindwa. Kabla ya kumhukumu ndugu yako, nenda ukakae alipokaa yeye, umwombe akuonyeshe anachokiona, kisha ndipo mzungumze habari ya kugawana shamba.