Sauti Haipimwi kwa Kura Peke Yake



Juma hili nawaalika tutafakari juu ya mashindano ya uimbaji ya vijana yanayoonyeshwa katika runinga. Hata huku kwetu Ulemo vijana wanayafahamu vema, na wapo wanaotamani kushiriki.

Afrika Mashariki tuliwahi kuwa na shindano letu kubwa, Tusker Project Fame, lililoanza mwaka 2006. Vijana wa nchi mbalimbali walikusanyika Nairobi, wakaishi pamoja kama wanafunzi wa bweni, wakafundishwa kutumia sauti na kusimama jukwaani, huku kamera zikiwafuata. Waliimba mbele ya majaji, akiwemo Ian Mbugua wa Kenya na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Watazamaji walipiga kura kwa ujumbe wa simu, na washiriki wakapungua mmoja baada ya mwingine hadi akapatikana mshindi.

Washindi walikuwa Valerie Kimani wa Kenya mwaka 2006, Esther Nabaasa wa Uganda mwaka 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda mwaka 2009, Davis Ntare wa Uganda mwaka 2010, Ruth Matete wa Kenya mwaka 2012, na Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013. Mtanzania hayumo. Je, tuseme kwamba Tanzania haina waimbaji? Hakuna anayeweza kusema hivyo akaaminiwa.

Shindano lile lilikuwa na jema lake. Liliwaonyesha vijana kwamba kipaji bila mazoezi hakifiki mbali. Walimu wa kwaya wanajua jinsi ilivyo vigumu kumshawishi mwenye sauti nzuri ahudhurie mazoezi kama wenzake.

Hata hivyo, tusisahau kwamba runinga ina mahitaji yake. Shindano lilibeba jina la bia, na mdhamini hatoi fedha zake bure. Kura nazo zilihitaji simu, salio na watu wengi wanaokufahamu. Kijana aliyetolewa leo alikuwa na sauti ileile aliyoimbia jana.

Ulaya nako jambo hili limewahi kuleta mashaka. Mwaka 2003 lilianzishwa shindano la nyimbo la watoto wa mataifa, na la kwanza lilifanyika Copenhagen, Denmark. Baada ya shindano la mwaka 2005, Denmark yenyewe ilijitoa, pamoja na Norwei, kwa kuona kwamba watoto walikuwa wakibebeshwa mzigo mkubwa mno. Waliokuwa wenyeji wa kwanza nao waliondoka.

Hivi karibuni mama mmoja alinijia kuomba ushauri. Mwanawe, kijana wa miaka kumi na tisa, alitaka mbuzi wawili wauzwe ili apate nauli ya kwenda kwenye usaili wa uimbaji Dar es Salaam. Mbuzi hao ndio akiba ya nyumba ile. Sikumwambia auze, wala sikumwambia akatae. Nilimwomba kwanza amwulize kijana swali moja: akirudishwa siku ya kwanza, ataendelea kuimba?

Ikiwa jibu ni ndiyo, kijana huyo anaupenda uimbaji wenyewe, naye akishindwa atarudi na maarifa mapya. Hapo wazazi watabaki kupima kama nyumba inaweza kubeba gharama, au kama ni busara asubiri mavuno. Ikiwa jibu ni hapana, basi anachokitafuta ni kujulikana. Kujulikana hakuna mwisho wake, na mbuzi wawili hawatatosha.

Wazazi wenzangu katika malezi, tusiwakejeli vijana wenye ndoto hizi. Tuwape pia mahali pa kuimba ambapo hakuna anayetolewa kwa uchache wa kura. Katika kwaya, sauti ya nne haisikiki kama ya kwanza, na mara chache hupongezwa. Iondoeni Jumapili moja tu, nanyi mtasikia jinsi wimbo mzima unavyopwaya.