Leicester na Kisutu: nyaya za majengo ya zamani

Jumapili alfajiri, maduka ya Belgrave Road mjini Leicester yakiwa bado yamefungwa, si ajabu kumkuta fundi umeme amechuchumaa mbele ya bodi ya breka, tochi kichwani, umeme wa jengo zima umezimwa. Mtaa huo una undugu na Afrika Mashariki. Familia nyingi za Kihindi zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na nyingine zilizotoka Kenya na Tanzania, zilihamia mji huo na kufungua maduka hapo. Majengo mengi ya eneo hilo ni makongwe kuliko umeme wenyewe: nyaya zilipitishwa baadaye, zikaongezwa, kisha zikaongezwa tena kila alipoingia mpangaji mpya.

Fundi hakuitwa kwa sababu kuna kitu kimeungua. Ameitwa kwa sababu miaka 5 imetimia.

Kanuni za usalama wa umeme kazini, zilizotungwa Uingereza mwaka 1989, zinamtaka mwenye mahali pa kazi autunze mfumo wake wa umeme usilete hatari. Hazitaji idadi ya miaka. Muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, ambao kwa maduka na ofisi kwa kawaida ni miaka 5, unatoka kwenye miongozo ya wahandisi wa umeme. Kinachoupa meno ni mambo ya kawaida kabisa ya biashara: bima inataka ripoti, mnunuzi wa jengo anataka ripoti, na mara nyingi mkataba wa pango nao unaitaja. Polisi hahitajiki.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Kwanza fundi anatazama tu: breka gani inalinda waya wa unene gani, wapi pameungua, wapi kifuniko hakipo. Kisha, umeme ukiwa umezimwa, anapima kama waya wa ethi umeungana mfululizo kutoka bodi hadi soketi ya mwisho. Baada ya hapo anatuma volti 500 ndani ya saketi kwa kipimo ambacho mafundi wengi wanakiita mega, kuona kama ganda la waya bado linazuia umeme. Kwa saketi za kawaida, kipimo kikishuka chini ya megaohimu 1, hiyo saketi imefeli. Mwishowe umeme unarudishwa, na breka za kuzuia umeme unaovuja zinajaribiwa. Ile ya miliampea 30 inapaswa kukata ndani ya milisekunde 300.

Matokeo yanaandikwa kwa alama. C1 ni hatari iliyopo sasa hivi, na fundi haondoki kabla hajaiondoa au kuitenga. C2 ni hatari inayoweza kutokea. C3 ni ushauri wa kuboresha tu. C1 au C2 moja inatosha kuifanya ripoti nzima isomeke kwamba mfumo hauridhishi, hata kama saketi nyingine zote ni nzima.

Ukivuka bahari hadi Dar es Salaam, mtaa wa Kisutu au pembezoni mwa Samora, utakuta maduka ya chini na makazi ya juu, mengi yakiwa yamejengwa na wafanyabiashara Wahindi kabla ya uhuru. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Historia hii inatajwa sana kwenye mijadala ya siasa, ila fundi umeme ana sababu yake ya kuijua. Jengo lililobadili mwenyewe namna hiyo, na wapangaji wasiohesabika, ni nadra kuwa na mchoro wa nyaya zake. Waya unaoingia ukutani orofa ya chini, hakuna anayejua unatokea wapi.

Mfumo wenyewe mtu wa Leicester asingeuona mgeni. Plagi ya pini tatu za mraba ni ileile, yenye fyuzi ndani yake. Nyaya za zamani zilifuata rangi za Kiingereza: nyekundu, njano na bluu kwa fezi tatu, nyeusi kwa nyutro. Hapo ndipo pana mtego unaowatesa mafundi wa pande zote mbili. Uingereza ilibadili rangi, na mpya zikawa za lazima mwaka 2006: kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, bluu kwa nyutro. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi, na bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Jengo la zamani lililoongezewa nyaya mpya linaweza kuwa na rangi zote mbili ndani ya boksi moja, na mwenye kuamini macho badala ya kupima anacheza na roho yake.

Pwani ina adui mwingine. Majengo ya miaka ya 1950 mara nyingi yalipitishiwa nyaya ndani ya mabomba ya chuma, na bomba lenyewe ndilo lililofanya kazi ya ethi. Chumvi ya hewa ikila kiungo kimoja, ethi ya vyumba vyote vinavyofuata imekatika. Taa zinawaka, feni inazunguka, hakuna anayejua, mpaka jokofu lianze kurusha watu. Nyaya zenyewe za wakati huo zilivikwa mpira, ambao kwa joto na miaka unakauka na kupasuka. Fundi akiukunja tu ili abadilishe swichi, ganda linapukutika mkononi.

Halafu kuna joto. Majedwali ya uwezo wa nyaya yanayotumika Uingereza yanachukulia hewa ya nyuzi 30, kiwango ambacho Leicester inakifikia kwa siku chache za kiangazi. Kwa Dar, hilo ni joto la mchana wa kawaida. Kwenye dari chini ya mabati, hewa ikifika nyuzi 50, waya wa kawaida wa plastiki unabaki na asilimia 71 tu ya uwezo ulioandikwa kwenye jedwali. Chumba kilichosukwa nyaya kwa ajili ya taa mbili na feni leo kimegawanywa kuwa fremu tatu, kila moja na kiyoyozi chake. Breka inaanza kuruka. Anaitwa fundi wa jirani, anatoa ya ampea 20 anaweka ya 40, na tatizo linaonekana limekwisha. Kwenye bodi za fyuzi za kizamani hahitaji hata kununua kitu, anasokota uzi wa kopa na kuupachika.

Tanzania sheria zipo. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni za mafundi kwa madaraja; TANESCO, shirika la umeme, haiungi jengo jipya bila fomu ya mkandarasi mwenye leseni; na OSHA, wakala wa usalama kazini, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wana mamlaka ya kukagua. Kwa hiyo siku ya kwanza ya jengo inasimamiwa. Inayokosa mwenyewe ni miaka inayofuata, na ndiyo maana vishoka, mafundi wasio na leseni, wana soko: wanafika haraka, wanaondoka bila karatasi. Moto ukitokea, ripoti inasema "hitilafu ya umeme" na mjadala unafungwa. Agosti 2013 uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ulipoteza kwa moto sehemu ya kuwasili abiria wa kimataifa. Kwa kuwa ilikuwa tarehe 7, siku ya kumbukumbu ya mlipuko wa 1998 katika ubalozi wa Marekani, wengi walishuku ugaidi. Wachunguzi wakasema ni hitilafu ya umeme. Hofu ya ugaidi ilitulia, lakini hitilafu ina mahali pake, umri wake na saketi yake, na hayo ndiyo yangewafaa wenye majengo mengine.

Haifai kuisifu Uingereza kupita kiasi. Wapo wakaguzi wanaotoza bei ya kutupa, wanapima saketi chache, wanaandika kwamba nyingine hazikufikika, na wanaondoka kabla ya saa sita. Ripoti inapendeza, ila haisemi kitu. Wapo pia wanaotia C2 kila mahali ili wapewe kazi ya kurekebisha.

Wala kuanza huku nyumbani hakuhitaji kungoja jengo zima lisukwe upya. Kipimo cha mega kinanunulika, na mafundi wenye leseni wanajua kukitumia. Pa kuanzia ni bodi kuu: kukaza viungo, hasa vya nyutro. Nyutro ikilegea kwenye jengo la fezi tatu, volti ya baadhi ya vyumba inaweza kupanda kuelekea 400, na huo ndio ule "umeme mkubwa" unaoua televisheni za orofa moja na kuiacha nyingine salama, huku lawama zote zikienda TANESCO. Kisha viyoyozi vitolewe kwenye saketi za taa, kila kimoja kipewe waya na breka yake kutoka bodi. Breka ya kuzuia umeme unaovuja ifuate, baada ya ethi kupimwa. Mwenye jengo anayepokea kodi ya fremu kwa miezi sita ya mkupuo anaweza kulipia orofa moja kila awamu, na kuweka kwenye mkataba kwamba mpangaji haongezi kiyoyozi kabla saketi haijapimwa na namba zake kuandikwa.