Njoro Si Kasri Pekee

Utajapo Njoro mbele ya vijana wa Nairobi, aghalabu watakuuliza habari za kasri la Lord Egerton lililoko Ngata, karibu na Nakuru. Hadithi yake wanaijua kwa moyo. Inasimuliwa kwamba Mwingereza huyo alimpenda mwanamke aliyeidharau nyumba yake na kuifananisha na kizimba cha kuku. Kasri lenye vyumba 52 lilianza kujengwa mnamo 1938 na kumalizika 1954. Mwenyewe alifariki 1958 bila kuoa. Ajabu ni kwamba siku hizi maharusi hufunga pingu za maisha katika jumba ambalo, yasemekana, wanawake hawakuruhusiwa kulikanyaga.

Hadithi ni tamu, nami siwakatazi wanangu kuisikiliza. Hata hivyo, ninapowapeleka Njoro hatuanzii huko. Twaanzia kwenye chuo.

Egerton huyo huyo alianzisha shule ya kilimo hapo mwaka 1939, kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima. Mwaka 1950 ikawa chuo cha kilimo. Mapema miaka ya 1960 milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mnamo 1987 kikawa chuo kikuu kamili.

Babu yangu alikuwa kibarua katika shamba la ngano la mlowezi. Alivuna na kupakia magunia, lakini darasani humo hakuwa na ruhusa ya kuingia. Babangu aliingia. Alihitimu diploma, na cheti chake kilitundikwa sebuleni petu hadi karatasi ikawa rangi ya chai. Babu hakujua kusoma, lakini kila mgeni alipokuja alimwonyesha cheti hicho kabla hajamkaribisha kiti.

Kisha huwaonyesha wanangu kituo cha utafiti wa ngano. Walowezi kama Lord Delamere walipojaribu kupanda ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa kutu uliwatia hasara kubwa. Kituo kikaanzishwa ili kutafuta mbegu zinazohimili ugonjwa huo. Kutu mpya ya Ug99 ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ngano kutoka nchi nyingi ililetwa Njoro kujaribiwa. Chapati tuilayo mezani ina deni kwa mashamba hayo yasiyo na mnara wala geti la fahari.

Binti yangu aliniuliza, "Baba, mbona kasri lina jina la mtu, na waliobeba mawe hawana?" Nilimwambia swali hilo alihifadhi, kwani ndilo litakalomfanya asome historia kwa macho mawili.

Wahenga walisema, ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno. Tusiyabomoe majengo ya zamani kwa sababu yalijengwa na mkoloni, wala tusiyasujudie kwa sababu ni mazuri. Mzazi mwenzangu, likizo ijayo, mbali na kuwapiga watoto picha mbele ya kasri, waambie pia nani alilijenga, nani alizuiwa mlangoni, na nani baadaye aliingia. Wazee waliokuwapo wanazidi kupungua. Waulize sasa, watoto wakiwapo.